Karatasi, Excel, simu, CODAP au Python: mwalimu wa sayansi aanze na kipi?

Kila anayefundisha fizikia sekondari ameona hili. Wanafunzi wanaingia maabara kufanya jaribio la pendulamu, na baada ya nusu saa kila kundi lina jedwali safi ajabu. Grafu inachorwa, mstari unapita juu ya kila nukta, hakuna hata moja iliyokaa pembeni. Data zimepikwa. Mwanafunzi amekariri fomula, ameanzia kwenye jibu akarudi nyuma, akaandika vipimo ambavyo hakuna aliyevipima. Hatuwezi kumlaumu sana, maana sisi ndio tuliomzoesha kuamini kwamba data nzuri ni ile inayolingana na kitabu.

Nimeanza na hili kwa sababu mwalimu anayeuliza atumie programu gani kufundishia data darasani hujibiwa kwa habari za bei, kasi na mtandao. Mambo hayo yana uzito wake na nitayagusa. Lakini katika ulinganisho huu kipimo changu cha kwanza ni kingine: chombo hiki kinamsogeza mwanafunzi karibu na vipimo alivyovipata mwenyewe, pamoja na dosari zake, au kinamtenga navyo?

Nitapitisha jaribio moja katika vyombo vyote vitano ili tofauti zionekane. Ni pendulamu ya uzi wa mita 1, mwanafunzi anapima muda wa mibembeo 20. Mbembeo mmoja huchukua takriban sekunde 2, kwa hiyo jibu linalotarajiwa liko karibu na sekunde 40. Tunahesabu 20 badala ya mmoja kwa sababu kidole kinachobonyeza stopiwachi huchelewa au kuwahi kwa sehemu ya sekunde. Kosa la sekunde 0.2 likigawanywa kwa 20 linabaki 0.01 kwa mbembeo mmoja.

Karatasi, manila na chaki

Chukua darasa la wanafunzi 70. Chora mstari wa namba ubaoni kuanzia 36 hadi 44. Kila mwanafunzi akimaliza kupima anakuja na chaki kuweka nukta yake juu ya namba aliyoipata. Kama kuna nukta mahali hapo, anaweka yake juu ya iliyotangulia. Kifaa ni hicho tu.

Kinachojitokeza ubaoni kina utajiri kuliko programu nyingi nilizoziona. Nukta nyingi zitarundikana karibu na 40. Lakini karibu kila darasa litapata pia kikundi kidogo karibu na 38, pengine na kingine karibu na 42, na kati yao patupu. Waulize wanafunzi kwa nini. Wapo watakaosema saa ni mbovu, wapo watakaosema uzi ulikuwa mfupi. Subiri. Mwishowe mmoja atagundua kwamba aliyepata 38 alisema "moja" pale alipoachia jiwe, wakati alitakiwa kusema "sifuri". Alihesabu mibembeo 19. Kosa la kuhesabu humsogeza mtu kwa sekunde 2 kamili, na ndiyo maana nukta hazikutawanyika ovyo bali zilijikusanya. Akiendelea kukokotoa bila kulijua hilo atapata mbembeo wa sekunde 1.9, na g yake (mchapuko wa mvutano wa dunia) itaruka hadi karibu 10.9 badala ya 9.8.

Hapo ndipo sayansi ya data ilipoanza, bila umeme. Mwanafunzi ameona kwamba makosa nayo yana umbo, na kwamba umbo hilo linasimulia jinsi data zilivyopatikana. Kupika data mbele ya nukta 69 za wenzake kunakuwa kugumu, tena hakuna faida, kwa kuwa hakuna anayepewa alama kwa kukaa katikati.

Karatasi hufaa pia kwa data za muda mrefu. Kipima mvua cha chupa ya maji kinatengenezwa kwa mkasi: kata sehemu ya juu, igeuze iwe faneli, weka kokoto chini na maji hadi kwenye alama ya sifuri ili kitako cha chupa kisichosawazika kisikupotoshe, kisha pima kwa rula. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, na mwanafunzi anaweza kuutumia ujuzi huo siku hiyohiyo kukadiria maji yaliyoanguka juu ya bati la darasa lake. Mwalimu wa jiografia apange zamu wakati wa masika au vuli. Na asisitize jambo moja ambalo watafiti wakubwa hulikosea: Jumapili ambayo hakuna aliyekwenda kusoma chupa haiandikwi 0, inaandikwa "haikupimwa". Sifuri maana yake tulitazama, tukaona hakuna mvua. Mpango wa GLOBE, uliotangazwa Marekani mwaka 1994 na unaofadhiliwa na NASA, hukusanya vipimo vya namna hii kutoka shule za nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwamo, na una maelekezo ya bure ya kupima mvua, joto na mawingu kwa utaratibu mmoja.

Karatasi hukwama pale vipimo vinapokuwa vingi. Mvua ya mwezi mmoja inachoreka kwenye manila. Mvua ya miaka mitatu itamchosha mwanafunzi kabla hajafika kwenye swali lenyewe.

Lahajedwali: Excel na LibreOffice Calc

Shule yenye kompyuta mpakato moja na projekta ina kila inachohitaji. Kama Excel haipo au leseni imeisha, LibreOffice Calc ni ya bure, inafanya kazi bila mtandao na inasoma mafaili yaleyale. Wanafunzi wanasoma namba kutoka ubaoni, mmoja anaandika, wengine wanamkagua.

Faida kubwa ya lahajedwali ni kwamba unaweza kuiuliza "ingekuwaje kama" na jibu likaja hapohapo. Tia vipimo 70 vya pendulamu katika safu moja, tafuta wastani na namba ya katikati. Kisha badilisha kipimo kimoja, 40.2 kiwe 4.02, kana kwamba mtu alikosea nukta ya desimali. Wastani unashuka kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde. Namba ya katikati haitikisiki, au husogea kidogo mno. Mwanafunzi aliyekuwa akikariri tofauti ya vitu hivyo viwili kwa ajili ya mtihani wa hisabati sasa ameiona ikitokea.

Lakini lahajedwali hunyamazia makosa, na mwalimu ayajue mapema. Ukiandika "24 mm" ndani ya seli, programu inaona maneno, si namba. Ukiiomba wastani itakupa bila kipimo hicho na haitakuambia kitu. Kipimo kiwe kwenye seli, jina la kizio liwe kwenye kichwa cha safu. Excel pia hugeuza maandishi kuwa tarehe bila kuombwa. Tatizo hilo liliwasumbua wanasayansi wa jenetiki kiasi kwamba mwaka 2020 kamati inayoidhinisha majina ya jeni za binadamu iliamua kubadilisha baadhi ya majina: jeni iliyoitwa SEPT1, iliyokuwa ikisomeka kama tarehe ya Septemba, ikawa SEPTIN1. Wanafunzi hukipenda kisa hiki, na kinawafundisha kukagua.

Kuna tabia mbili ambazo ningezidai kuanzia siku ya kwanza. Kila mstari ubebe kipimo kimoja na kila safu jambo moja: jina la kundi, urefu wa uzi, muda. Halafu ukurasa wa data ghafi usiguswe, kazi zote zifanyike kwenye nakala. Mtu akija baadaye kuuliza "hii 38 ilikwenda wapi?", ukurasa wa kwanza utamjibu.

Udhaifu wake kwa darasa ni kwamba mmoja anachapa na 69 wanatazama. Anayekaa nyuma anaweza kumaliza kipindi bila kugusa data.

Simu yenye vihisi: phyphox

Phyphox ni programu ya simu iliyotolewa mwaka 2016 na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Ni ya bure, ikishapakuliwa haihitaji bando, na inazigeuza maikrofoni, kihisi mwendo na vihisi vingine vya simu kuwa vyombo vya maabara. Vipimo vinaweza kutolewa kama faili la kufunguliwa kwenye Excel.

Kwa pendulamu yenyewe, simu hufungwa kwenye uzi na kubembea. Angalia kwanza kama simu yako ina jairoskopu, yaani kihisi cha mzunguko, kwa sababu jaribio hilo linaitegemea na simu nyingi za bei nafuu hazina. Ningependekeza zaidi jaribio la kasi ya sauti, ambalo linahitaji maikrofoni pekee. Simu mbili zinawekwa umbali wa mita 10, kila moja ikiwa na stopiwachi inayosikiliza sauti. Mtu wa upande wa kwanza anapiga kofi, saa zote mbili zinaanza, ya mbali ikichelewa kidogo. Wa upande wa pili anapiga kofi, zote zinasimama, safari hii ya kwanza ndiyo inachelewa. Tofauti ya saa hizo mbili ni muda wa sauti kwenda mita 20. Katika joto la nyuzi 30, ambapo sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde, tofauti hiyo ni kama sekunde 0.057. Hakuna kidole cha binadamu kinachoweza kuipima. Zaidi ya hayo, hakuna haja ya kulinganisha saa hizo kabla ya kuanza, na kuwaachia wanafunzi wagundue wenyewe kwa nini ni somo zuri la kufikiri.

Vikwazo viwili. Shule zetu nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo vifaa ni simu yako na ya mwalimu mwenzako. Wanafunzi wapokezane kupima, kupiga makofi, kuandika. Cha pili kinanisumbua zaidi: simu huonyesha tarakimu nyingi za desimali, na mwanafunzi huzinakili zote kwa heshima. Waulize rula yao ilipima zile mita 10 kwa usahihi gani, halafu wakate tarakimu zisizo na msingi. Bila mjadala huo simu inageuka kuwa kitabu kingine cha majibu.

CODAP

Hiki ndicho chombo ambacho walimu wengi wa kwetu hawajakisikia, nami natamani wakijue. CODAP ni jukwaa la bure la shirika la Concord Consortium la Marekani, lilibuniwa kwa ajili ya wanafunzi, linafunguka kwenye kivinjari bila kujisajili. Jedwali liko upande mmoja. Upande wa pili kila kipimo ni nukta inayoelea. Ukiburuta jina la safu na kuliweka kwenye mhimili, nukta zinajipanga zenyewe mbele ya macho. Ukiburuta safu ya "kundi" katikati ya grafu, kila kundi linapata rangi yake. Kwa data zetu za pendulamu, huenda zile 38 zote zikageuka rangi moja, na kila mtu akaelewa kwamba kundi zima lilimtegemea mhesabuji mmoja. Ukibofya nukta, mstari wake unang'aa kwenye jedwali: kila nukta inabaki ikijulikana ni ya nani.

Excel humlazimisha mwanafunzi kuchagua aina ya grafu kabla hajajua anatafuta nini. CODAP humwachia achezee data mpaka swali lijitokeze. Kwa kufundisha kufikiri, naiweka juu ya Excel bila kusita. Kwa kumwandaa kijana kwa kazi ya ofisini, Excel ndiyo atakayokutana nayo.

Inafaa sana pia kwa data zilizokusanywa na wengine. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania, kutoka 44,928,923 mwaka 2012. Waache wanafunzi waingize idadi ya watu na eneo la kila mkoa, kisha waburute safu hizo mbili kwenye mihimili. Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728 katika eneo dogo, itajitenga pembeni kabisa, na mjadala wa maji, barabara na madarasa utaanza bila kuchokozwa.

Inahitaji mtandao, na skrini ndogo ya simu inaibana. Pasipo intaneti ya uhakika shuleni, usiijengee kipindi.

Python

Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ina jambo moja ambalo vingine vinne havina: kila hatua imeandikwa. Aliyeondoa kipimo amekiondoa kwa mstari wa msimbo unaosomeka, na mwingine anaweza kuurudia kesho. Kwa uaminifu wa data hakuna kinachoishinda. Inasoma miaka mingi ya mvua ya kila siku na kuipanga kwa miezi kwa mistari michache. Thonny, programu ya kuandikia Python iliyotoka Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, ni ya bure, nyepesi, haihitaji mtandao, nayo ilitengenezwa kwa wanaoanza.

Ila gharama yake ni muda. Darasa litatumia vipindi vingi kutafuta alama ya mabano iliyosahaulika kabla ya kuuliza swali moja la kisayansi, na ujumbe wa kosa unakuja kwa Kiingereza kigumu. Kwa pendulamu ya vipimo 70 sioni sababu ya kuitumia. Mwalimu anayeipenda aipeleke kwenye klabu, si kwenye vipindi vinne vya wiki vya darasa la mtihani.

Vingine viwili vinatajwa mara nyingi. PhET, mkusanyiko wa majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta ulioanzishwa mwaka 2002 na mshindi wa Nobel Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado, una pendulamu ya kwenye skrini unayoweza kuipeleka Mwezini au Jupiter. Ni nzuri kwa kuelewa dhana, lakini haina vumbi wala upepo, kwa hiyo haiwezi kushika nafasi ya kupima. Micro:bit ya Uingereza ni kadi nzuri ya kielektroniki yenye vihisi, ila lazima inunuliwe, na kwa darasa la watu 70 kadi tano hazitoshi.

| Chombo | Unachohitaji | Kinapong'ara | Kinapokwama |
|---|---|---|---|
| Karatasi na ubao | Chaki, manila, rula | Kila mkono unagusa data. Mtawanyiko unaonekana | Vipimo vikiwa mamia |
| Excel au Calc | Kompyuta moja, projekta | Hesabu za haraka, "ingekuwaje kama" | Makosa ya kimyakimya. Wengi wanabaki watazamaji |
| phyphox | Simu moja au mbili | Vipimo ambavyo mkono hauwezi | Sheria za shule. Tarakimu zisizo na maana |
| CODAP | Mtandao, kompyuta | Kutafuta swali ndani ya data | Mtandao ukikatika |
| Python | Kompyuta kadhaa, muda mwingi | Kila hatua inakaguliwa na kurudiwa | Vipindi vichache vya ratiba |

Na mwalimu mwenyewe afundishwe wapi?

Chombo bora mikononi mwa mwalimu aliyeachwa peke yake hukaa kabatini, kwa hiyo swali hili lina uzito sawa na la kuchagua programu.

Njia iliyozoeleka ni semina ya siku chache mjini. Inaleta ari na marafiki wapya, lakini mwalimu anarudi kwenye shule ambayo hakuna mwingine aliyeona alichokiona. Kenya ilijaribu njia ya ngazi kwa SMASSE, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi sekondari ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani kupitia shirika lake la JICA, na kituo cha mafunzo ya walimu cha CEMASTEA kilichoko Nairobi ni matunda yake: wakufunzi wa taifa wanawafundisha wa wilaya, hao wanawafundisha walimu wakati wa likizo. Msingi wake ulikuwa shughuli, mwanafunzi kuwa katikati, majaribio, na vifaa vya kubuni kutokana na vilivyopo, na mwalimu anapanga, anafundisha, anatazama matokeo, anarekebisha. Msingi huo bado ni imara kwa kazi ya data.

Tanzania sasa ina MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambamo walimu hukutana shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji. Kwa ujuzi huu ninaipa nafasi ya kwanza. Zoezi la nukta za ubaoni linajaribiwa Jumatatu na mwalimu mmoja, Ijumaa wenzake wanalijadili, wiki inayofuata mwalimu wa biolojia analifanya kwa mapigo ya moyo kabla na baada ya kukimbia. Semina haiwezi kutoa hilo. Inachoweza kutoa ni ujuzi usiokuwepo shuleni kabisa, kama Python. Hapo warsha za The Carpentries, shirika linalofundisha stadi za msimbo na data, zina mbinu za kuigwa hata kama zilikusudiwa watafiti: mkufunzi anaandika msimbo papo hapo mbele ya watu, akikosea wanaona anavyosahihisha, na kila mshiriki ana vikaratasi vya rangi mbili, kimoja cha "nimemaliza", kingine cha "nimekwama", vya kubandika kwenye kompyuta yake. Darasa la watu 70 linavihitaji vikaratasi hivyo kuliko warsha yoyote.

Uamuzi wangu

Kama shule haina umeme wa uhakika, anza na ubao na chupa ya mvua bila kujiona umepungukiwa. Muhula mzima wa kazi hiyo unatosha, na kwenye mtihani wa vitendo, panapoulizwa vyanzo vya makosa, wanafunzi wako wataandika walichokiona badala ya sentensi za kukariri.

Kama una kompyuta moja, ongeza Calc au Excel, lakini baada ya nukta za ubaoni, kamwe si kabla. Wenye simu mbili waongeze kofi la mita 10 mara moja kwa muhula. Wenye mtandao mzuri waruke Excel kwa wanafunzi wa vidato vya chini, waende CODAP moja kwa moja, na Excel ifundishwe baadaye kama stadi ya kazi.

Python naipa shule yenye klabu ya sayansi na wanafunzi wanaorudi jioni kwa hiari yao. Wape miaka ya mvua ya eneo lao, waitafutie siku masika yalipoanza kila mwaka, wabishane juu ya maana ya "kuanza". Faili hilo liwe pia na miezi waliyoipima wenyewe, na zile Jumapili zilizoandikwa "haikupimwa" zibaki humo kama zilivyo, ili msimbo wao ulazimike kuamua uzifanyie nini.